Mwendo Salama wa Ndege Ndogo Inapokaribia Kutua: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Abiria

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji wa huduma za usafiri wa anga ataweza:

1. kueleza kwa nini ndege inayotua haipaswi kwenda polepole mno wala kasi mno;
2. kutaja mambo yanayobadili mwendo salama, yakiwemo uzito, upepo na mwinuko wa kiwanja;
3. kuelewa kwa nini rubani huweza kughairi kutua na kuzunguka tena;
4. kutimiza wajibu wake mwenyewe katika usalama wa safari.

Utangulizi

Wananchi wengi husafiri kwa ndege ndogo. Ndege hizo huunganisha Dar es Salaam na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, na huwapeleka watalii na wafanyakazi katika viwanja vya changarawe na nyasi ndani ya hifadhi za taifa. Katika ndege ya namna hiyo abiria hukaa hatua chache tu nyuma ya rubani, na mara nyingine kando yake. Huona vipimo vikicheza, husikia injini ikibadili sauti, na huhisi kila mtikisiko. Asiyejua maana ya hayo anayoyaona hujawa na hofu pasipo sababu. Au, jambo lililo baya zaidi, humshinikiza rubani kufanya lisilofaa.

Somo hili halikusudii kumfundisha msomaji kurusha ndege. Linakusudia kumwonyesha jambo moja ambalo rubani hulilinda kwa umakini mkubwa katika dakika za mwisho za safari, nalo ni mwendo wa ndege hewani. Jambo hilo humhusu abiria moja kwa moja, kwa kuwa baadhi ya yanayoliharibu huanzia kwake: mzigo uliofichwa, haraka ya kuwahi, na mazungumzo yasiyo na wakati.

Nini huibeba ndege

Watu wengi hudhani kwamba ndege hubebwa na injini, na kwamba ikianguka basi injini imezimika. Ukweli ni kwamba injini huisukuma ndege mbele tu. Kinachoibeba ni mabawa, nayo hufanya kazi hiyo pale tu hewa inapopita juu na chini yake kwa mwendo wa kutosha na kwa pembe inayofaa.

Ndege inapopunguza mwendo, rubani hulazimika kuinua pua kidogo ili mabawa yaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi na kuendelea kubeba uzito uleule. Hata hivyo pembe hiyo ina kikomo. Ikivukwa, hewa haifuati tena umbo la bawa. Huachana nalo na kuvurugika, na nguvu ya kuibeba ndege hupungua ghafla. Katika somo hili hali hiyo tutaiita kushindwa kwa mabawa. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa, na bado mabawa yakashindwa.

Ndege ikiwa juu sana, hali hiyo hurekebishika. Rubani hushusha pua, huongeza nguvu ya injini, mwendo hurudi na mabawa hubeba tena. Lakini marekebisho hayo hugharimu kimo, na ndege inayokaribia kutua haina kimo cha kutumia. Ndiyo maana kosa dogo angani huwa kubwa karibu na ardhi. Barabarani tumezoea kusema kwamba mwenda pole hajikwai. Kwa ndege inayotua, mwenda pole kupita kiasi ndiye ajikwaaye.

Mwendo salama hupatikanaje

Mwendo wa ndege hupimwa kwa noti. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa. Kila aina ya ndege ina mwongozo wa mtengenezaji unaoeleza ni kwa mwendo gani mabawa yake hushindwa. Kanuni inayofuatwa kwa kawaida ni kwamba wakati wa kukaribia kutua rubani hudumisha mwendo unaozidi ule wa kushindwa kwa takriban asilimia 30.

Tuchukue mfano wa ndege ambayo mabawa yake hushindwa kwa noti 50. Kwa kanuni hiyo, mwendo wake wa kukaribia kutua utakuwa noti 65. Noti hizo 15 za ziada ndizo akiba ya rubani. Kwa ndege halisi, mwongozo wa Cessna 172S, ndege ya viti vinne inayotumika sana katika vyuo vya urubani, unaelekeza noti 60 hadi 70 flapi zikiwa zimeshushwa zote. Hiyo ni sawa na kilomita 111 hadi 130 kwa saa.

Flapi ni vipande vilivyo nyuma ya mabawa, ambavyo rubani huvishusha ndege inapojiandaa kutua. Huyawezesha mabawa kubeba kwa mwendo mdogo zaidi, na wakati huohuo huongeza ukinzani wa hewa. Abiria huweza kusikia mlio wa mota na kuhisi pua ikibadili mwelekeo. Hiyo ni dalili ya kawaida.

Mambo yanayobadili mwendo salama

Uzito. Ndege nzito huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili ibebwe. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, mwendo wa kushindwa huongezeka kwa takriban asilimia 5. Katika mfano wetu, noti 50 huwa zaidi ya 52. Rubani aliyepewa hesabu sahihi hurekebisha mwendo wake; aliyedanganywa hubaki na noti 65 akiamini kwamba akiba yake ni kamili, kumbe imepungua pasipo yeye kujua.

Mahali mzigo ulipowekwa. Uzito ukielemea nyuma mno, pua huwa nyepesi na ndege huwa ngumu kudhibiti, na mabawa yakishindwa inakuwa vigumu kuirejesha katika hali ya kawaida. Ndiyo sababu abiria hupangiwa viti kulingana na uzito wao, wala si kulingana na hadhi au urafiki.

Kupinda kona. Ndege inapolala upande ili kugeuka, mabawa hubeba mzigo mkubwa zaidi ya uzito wa kawaida. Ikidumisha kimo huku imelala nyuzi 30, mwendo wa kushindwa hupanda kutoka noti 50 hadi karibu 54. Ikilala nyuzi 45 hufika karibu 60. Ikilala nyuzi 60 hufika karibu 71, yaani juu ya noti 65 tulizodhani kuwa salama. Kona ya mwisho, ndege inapogeuka kuielekea njia ya kutua, hufanyika chini na kwa mwendo mdogo. Rubani aliyeipita njia kidogo hushawishika kuikata kona kwa nguvu ili airudie. Rubani makini hukataa kishawishi hicho; huacha kutua na kuzunguka tena.

Upepo. Mabawa hayajui mwendo wa ndege juu ya ardhi. Hujua mwendo wa hewa inayopita juu yake. Ndege yenye mwendo wa hewani wa noti 65, ikipigwa na upepo wa mbele wa noti 15, huisogelea ardhi kwa noti 50 tu, na hivyo husimama katika umbali mfupi. Ikisukumwa na upepo wa nyuma wa noti 10, hugusa ardhi kwa noti 75. Kwa hiyo ndege hutua ikiukabili upepo, hata kama kufanya hivyo kunailazimu kuzunguka upande wa pili wa kiwanja.

Hatari zaidi ni upepo usiotulia. Upepo wa mbele ukikatika ghafla kwa noti 10, mwendo wa hewani hushuka kutoka 65 hadi 55 kabla injini haijapata muda wa kuurejesha. Kwa sababu hiyo marubani wengi huongeza nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na mivumo yake ya ghafla. Upepo ukiwa noti 12 na mivumo ikifika 22, tofauti ni 10; rubani huongeza 5 na kuja kwa noti 70.

Mwinuko wa kiwanja. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya Serengeti viko juu pia. Kipima mwendo cha ndege huonyesha noti 65 zilezile, na mabawa huridhika nazo zilezile. Lakini mwendo halisi wa ndege huwa mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kwa kiwanja cha Arusha, 65 za kwenye kipimo ni karibu 71 kwa uhalisi. Ardhi huonekana ikikimbia. Rubani asiye na uzoefu wa nyanda za juu huweza kudhani anakwenda kasi mno, akapunguza mwendo, akaipoteza akiba yake. Mwenye uzoefu huamini kipimo kuliko macho.

Kasi iliyozidi nayo ni hatari

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi rubani asije kwa mwendo mkubwa zaidi ili awe salama kabisa? Jibu ni kwamba nishati ya ndege hukua kwa mraba wa mwendo wake. Ndege inayopaswa kuja kwa noti 65 ikija kwa 75, nishati inayopaswa kumalizwa na breki na ardhi huongezeka kwa theluthi moja. Kabla ya hapo, ndege hiyo huelea juu ya njia ikikataa kutua, huku mita za thamani zikipita chini yake. Rubani akiilazimisha kugusa ardhi, huweza kuruka tena au kugusa kwa gurudumu la mbele.

Katika njia ndefu ya lami kosa hilo huweza kusamehewa. Katika kiwanja kifupi cha nyasi hali ni tofauti. Mwongozo wa Cessna 172S unamtaka rubani anayetua kwenye nyasi kavu aongeze umbali unaolingana na asilimia 45 ya umbali wa kubiringika ardhini. Nyasi zilizolowa hupunguza zaidi uwezo wa breki. Mwendo salama ni kipimo chenye mipaka miwili, wa chini na wa juu.

Yaliyofunzwa na ajali

Kanuni tulizozieleza hazibagui ndege kubwa na ndogo. Ajali tatu zilizochunguzwa kwa kina zinalithibitisha hilo.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka ilipokuwa ikikaribia kutua Buffalo, Marekani. Watu wote 49 waliokuwamo walifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwendo ulishuka bila marubani kuuangalia. Na usukani ulipotikisika kuwaonya, nahodha aliuvuta na kuinua pua, badala ya kuishusha. Ilibainika pia kwamba marubani walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu safari katika kipindi kilichohitaji ukimya.

Siku 13 baadaye, tarehe 25 Februari 2009, ndege ya Turkish Airlines, safari namba 1951, ilianguka karibu na uwanja wa Schiphol, Amsterdam. Watu 9 kati ya 135 walipoteza maisha. Kifaa cha kupima kimo kilitoa taarifa potofu, mtambo unaojiendesha ukashusha nguvu za injini, na upungufu wa mwendo ukagunduliwa kwa kuchelewa.

Tarehe 6 Julai 2013, ndege ya Asiana Airlines, safari namba 214, iligonga ukuta wa bahari mbele ya njia ya kutua San Francisco. Mwendo uliokusudiwa ulikuwa noti 137. Ulishuka hadi karibu 103. Wafanyakazi walidhani mtambo ulikuwa ukiulinda mwendo kwa niaba yao. Walijaribu kughairi kutua, lakini muda ulikuwa umekwisha. Watu 3 kati ya 307 walifariki.

Katika ajali zote tatu injini zilikuwa na uwezo wa kufanya kazi. Kilichokosekana ni mtu wa kukitazama kipimo kwa wakati na kuchukua hatua mapema.

Kughairi kutua ni uamuzi wa kitaalamu

Rubani mwangalifu hujiwekea mahali pa kuamua. Katika hali nzuri ya hewa, kimo kinachotumika mara nyingi ni futi 500, yaani karibu mita 150, juu ya kiwanja. Hapo ndege inatakiwa iwe imenyooka na njia, flapi ziko tayari, inashuka kwa utaratibu, na mwendo umetulia. Lolote kati ya hayo likikosekana, huongeza nguvu ya injini, hupanda na kuzunguka tena.

Abiria huhisi injini ikinguruma ghafla na pua ikiinuka wakati ardhi ilikuwa karibu kuguswa. Wengine hupiga kelele. Wengine, wakishatua, humcheka rubani kwamba "ameshindwa kutua". Dhihaka hiyo ina madhara. Rubani anayeona haya kuzunguka tena ndiye atakayejaribu kuokoa ukaribiaji ulioharibika: akiwa chini ya kimo kinachotakiwa atavuta usukani bila kuongeza nguvu, mwendo utaanguka, na akiba itakwisha. Kuzunguka tena hugharimu dakika chache na mafuta kidogo. Mtoa huduma anayejali usalama hamwadhibu rubani kwa gharama hiyo, na abiria mwenye busara haidai irudishwe.

Wajibu wa abiria

1. Taja uzito wako na wa mzigo wako kwa ukweli. Usifiche vitu vizito mifukoni au katika mkoba wa mkononi ili kukwepa mizani. Mashirika mengi ya ndege ndogo huweka kikomo cha kilo 15 katika mfuko laini. Kikomo hicho ni sehemu ya hesabu ya rubani.

2. Kaa katika kiti ulichopangiwa, na usihame bila ruhusa.

3. Ukikaa kando ya rubani, usiguse usukani wala kukanyaga pedali. Hakikisha kwamba mkoba, kamera au mtandio wako hauzuii chochote.

4. Ndege inapoanza kushuka, acha mazungumzo na rubani. Swali lako linaweza kusubiri hadi injini izimwe. Ukiona jambo la hatari, kama mlango uliofunguka au moshi, liseme mara moja na kwa ufupi.

5. Usimshinikize rubani au wakala kwa sababu ya kuwahi boti, mkutano au ndege nyingine. Panga safari yako kwa kuacha muda wa kutosha kati ya ndege ndogo na safari inayofuata.

6. Funga mkanda hadi ndege isimame kabisa.

Je, kila king'ora ni hatari?

Katika ndege nyingi ndogo kuna honi inayolia mwendo unapokaribia ule wa kushindwa kwa mabawa. Kwa Cessna 172S, hulia noti 5 hadi 10 kabla ya kufikia hali hiyo. Ikilia sekunde chache kabla ya magurudumu kugusa ardhi, mara nyingi ni kawaida, kwa kuwa rubani huwa anaumaliza mwendo kwa makusudi sentimita chache juu ya njia. Ikilia ndege ikiwa bado juu, rubani hutakiwa kushusha pua na kuongeza nguvu papo hapo. Abiria hana la kufanya hapo ila kutulia.

Ukiwa na wasiwasi baada ya safari

Mtumiaji anayo haki ya kuuliza na kujibiwa. Ukiona mzigo ukipakiwa bila kupimwa, abiria wakizidi viti, au maelezo ya usalama yakiachwa, muulize mhudumu kabla ya kupanda, na usione aibu kukataa kusafiri. Baada ya safari, andika tarehe, njia, alama za usajili zilizo ubavuni mwa ndege, na ulichokiona, bila kuongeza wala kupunguza. Wasilisha maandishi hayo kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, yafikishe kwa mamlaka ya usafiri wa anga au kwa baraza la watumiaji wa huduma hizo. Tofautisha usumbufu na hatari: ndege iliyozunguka mara mbili kabla ya kutua imekuchelewesha, lakini haikukukosea.

Maswali ya kujipima

1. Ndege imeghairi kutua ikiwa karibu kabisa na ardhi. Je, hilo ni kosa la rubani?
Jibu: Hapana. Ni hatua sahihi pale ukaribiaji usipokuwa umetulia.

2. Kwa nini kilo chache zilizofichwa na kila abiria ni hatari?
Jibu: Zikijumlishwa hupandisha mwendo ambao mabawa hushindwa, ilhali rubani anaendelea kutumia hesabu ya uzito mdogo.

3. Injini nzima inanguruma. Je, ndege inaweza kuanguka?
Jibu: Ndiyo, ikiwa pembe ya mabawa imevuka kikomo kwa sababu ya mwendo mdogo au kona kali.

4. Upepo ni noti 10 na mivumo yake inafika 18. Rubani ambaye kwa kawaida huja kwa noti 65 atakuja kwa mwendo gani?
Jibu: Tofauti ni 8, na nusu yake ni 4. Atakuja kwa noti 69.

5. Kwa nini rubani asiongeze noti 20 "kwa usalama"?
Jibu: Kwa sababu ndege itaelea, itatumia njia ndefu zaidi, na inaweza kushindwa kusimama kabla njia haijaisha.